Amani atalalishwa kwa ajili ya skana: ale nini, aambiwe nini

Mama Amani wa Kadutu, hapa Bukavu, ameandika hivi: "Mtoto wangu ana miaka mitatu na miezi miwili. Degedege limempata mara tatu bila homa, na kila mara linaanzia mkono wa kuume. Daktari ameagiza skana ya kichwa Jumatano saa tatu asubuhi, akasema atalalishwa. Tumeambiwa asile kitu tangu usiku wa manane. Mama mkwe anasema huko ni kumtesa mtoto, apewe hata chai. Jirani anasema tusimwambie lolote, tumdanganye kwamba tunaenda sokoni. Sasa ameshikwa na mafua na anakohoa kidogo. Na mimi ninaogopa: akilalishwa, ataamka kweli? Akili yake haitaharibika?"

Mama Amani, pole sana. Nitaanza na la mwisho, maana mama mwenye hofu hiyo kifuani hasikii mengine yote anayoambiwa.

Ataamka. Dawa tunazotumia kwa picha huisha mwilini zenyewe, nyingine ndani ya dakika chache, nyingine ndani ya saa moja au mbili. Sisi tunaolalisha watoto tunachokiogopa ni pumzi. Mtoto akilala kwa dawa, ulimi unaweza kulegea ukaziba njia, pumzi zinaweza kupungua, au kilichoko tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Hayo yote huonekana mapema na hutibika, mradi chumbani kuna mtu mwenye kazi moja tu saa hiyo: kumtazama Amani anavyopumua. Asiwe yule anayepiga picha, wala muuguzi anayetoka kila dakika kupokea simu.

Kwa hiyo ukienda kuthibitisha miadi, uliza bila aibu. Nani atamlalisha? Nani atakaa naye mpaka aamke? Oksijeni ipo chumbani humo humo, pamoja na mashine ya kuvuta mate na puto la kupumulishia kwa mkono, lenye barakoa ya saizi ya mtoto? Umeme ukikatika katikati, jenereta inachukua muda gani kuwaka? (Puto la mkono halihitaji umeme, ndiyo maana nalipenda kuliko mashine zote.) Mtu anayeijua kazi yake hatakasirika kwa maswali hayo. Mimi mzazi akiniuliza hivyo, najua tutaelewana.

Kuhusu akili, najua habari hiyo ilikotoka. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba dawa za kulalisha zikitumika kwa zaidi ya saa tatu mfululizo, au zikirudiwa mara nyingi, kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, huenda zikagusa ukuaji wa ubongo. Onyo likasambaa mitaani bila masharti yake. Upo uchunguzi uliochukua watoto wachanga 722 katika nchi saba, wote wakifanyiwa upasuaji wa ngiri, wengine wakilalishwa kabisa na wengine wakitiwa ganzi tu ya mgongoni. Walipofika miaka mitano walipimwa akili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha makundi hayo mawili yako sawa. Wengi wa waliolalishwa walilala muda usiofika saa moja. Amani amekwisha vuka miaka mitatu, na skana ya kichwa ni jambo la dakika. Mimi ningeogopa zaidi degedege linalorudi bila mtu kujua chanzo chake.

Sasa kuna swali ambalo hukuuliza na lina uzito: je, lazima alalishwe? Hakikisha kwanza kama karatasi yako imeandikwa skana (wengine huiita CT) au IRM (mashine ya picha ya sumaku, kwa Kiingereza MRI), maana watu wanazichanganya. Skana inatumia mionzi ya eksirei, na picha yenyewe ya kichwa inachukua sekunde chache tu. Kumweka mezani na kumtuliza ndiko kunakula dakika. Mtoto wa miaka mitatu aliyetayarishwa vizuri, amefungwa kitenge chake, mama yake karibu, mara nyingine anaweza kutulia sekunde hizo akiwa macho. Mwombe daktari: tunaweza kujaribu hivyo kwanza, dawa ikiwa tayari pembeni? Jibu linaweza kuwa hapana, kwa mfano kama Amani ni mtoto asiyekaa hata akila, lakini inafaa kuuliza. Mionzi yenyewe isikutie hofu kubwa: skana moja ya kichwa kwa mtoto ni takriban milisiveti 2, karibu sawa na ile ambayo kila mtu hupata kutoka ardhini na angani kwa miezi kumi hivi. Ila isirudiwe ovyo. Kama amewahi kupigwa picha yoyote, nenda nayo.

IRM ni jambo jingine. Haina mionzi, inatumia sumaku, na kwa degedege linaloanzia upande mmoja inaonyesha mengi kuliko skana. Lakini mtoto hukaa ndani nusu saa hadi saa nzima bila kutikisika, huku mashine inagonga kwa kelele kali. Katika umri wa Amani, karibu wote hulalishwa. Skana nayo inaonyesha mambo ya maana: damu, uvimbe, na vile vidoa vya chokaa vinavyoachwa na lava wa tegu wa nguruwe, ambao ni chanzo cha kifafa kinachojulikana katika maeneo yetu. Ndiyo maana daktari wengi huanzia hapo. Siku moja wakikuandikia IRM ya Kigali, usimpakie mtoto garini usiku ili afike asubuhi na njaa. Njia ya kwenda huko kupitia msitu wa Nyungwe ni ya saa nyingi na kona zake zinajulikana. Lala huko, ahesabiwe saa za kufunga akiwa ametulia.

Tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo mambo mengi huharibika.

Mama mkwe wako ana haki nusu. "Asile tangu usiku wa manane" ni kauli ya kurahisisha kazi ya hospitali. Inaambiwa wote, wa saa moja asubuhi na wa saa saba mchana. Mtoto mdogo hana akiba kubwa ya sukari mwilini; akikaa saa kumi bila hata maji, anafika analia, mdomo mkavu, na mishipa imejificha kiasi kwamba tunamchoma mara nne kabla ya kupata njia. Kinachotakiwa ni tumbo tupu, na tumbo la mtoto lina hesabu yake. Chakula cha kawaida chepesi, uji na maziwa ya ng'ombe au ya kopo: saa sita kabla. Maziwa ya mama: saa nne. Maji na vinywaji vinavyopenya mwanga, visivyo na maziwa wala chembe: saa mbili, na siku hizi hospitali nyingi zinaruhusu hadi saa moja kabla. Vyakula vya mafuta mengi: saa nane kabla.

Miadi ya Amani ni saa tatu asubuhi. (Kwenye karatasi huenda wameandika 9h00, asiwepo mtu nyumbani wa kuisoma saa tisa.) Ukirudi nyuma: Jumanne jioni ale kama kawaida, bugali na sambaza za kukaanga akipenda, mradi amalize mapema. Baada ya saa tisa usiku asipate masoso (uji), maziwa, mkate wala tunda. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwamshe, mpe maji yenye sukari au chai kavu ya sukari, anywe kiasi anachotaka, na mwisho uwe saa moja kamili. Huna uhakika kama kinywaji kinaruhusiwa? Weka glasi juu ya gazeti. Ukiweza kusoma maandishi kupitia ndani yake, kinafaa. Chai ya maziwa haifai. Masoso hata ukiichuja mara mbili ni chakula. Supu ni chakula. Karatasi ya hospitali ikitaja saa nyingine, fuata karatasi, lakini piga simu uulize habari ya maji peke yake. Mara nyingi watakuruhusu.

Na nyumba nzima iambiwe. Mama anajua, baba anajua, ila bibi aliyeamka saa kumi na moja kusali hajui, na mjukuu akimwendea hawezi kumnyima. Asubuhi moja nilikuwa na mtoto wa miaka minne, mama yake ameapa hajaonja kitu. Nikainama nikamuuliza mwenyewe, "Leo koko (bibi) amekupa nini?" Akajibu bila kufikiri: "Mandazi." Alikula moja na nusu, nusu iliyobaki ilikuwa kwenye mfuko wa kaptula ya kaka yake, imefungwa karatasi ya daftari. Mama alinyamaza akiangalia chini. Hatukugombana. Tulimhamishia mchana, basi. Tangu zamani nawauliza watoto wenyewe, wazazi wasikasirike. Nusu mandazi kwa mtoto aliye macho si kitu; ikipanda kooni akiwa amelala, inaingia mapafuni na hiyo ni kesi ya kulazwa. Akila kwa bahati mbaya, tuambieni. Hasara yake ni kusubiri tu.

Dawa zake za degedege asikose. Kama anatumia Dépakine, fenobabitali au nyingine, apewe saa yake ya kawaida na maji kidogo, hata asubuhi hiyo. Wengi wanafikiri kufunga kunahusu na dawa, wanaruka dozi, mtoto anapata degedege kwenye benchi la kusubiri. Leta chupa na boksi zake zote, maana "ile ya rangi nyekundu" haitusaidii.

Mengine ya kutuambia hata usipoulizwa: kama anakoroma sana usiku au anakata pumzi akilala, kama amewahi kulalishwa na ilikuwaje, kama kuna mtu wa ukoo aliyepata shida kubwa kwenye dawa ya usingizi, kama ana mzio. Na kama yeye au ndugu zake ni SS, yaani wana selimundu, hilo litangulie yote, kwa sababu mtoto wa SS hatakiwi kukauka maji hata kidogo na huwa tunamwekea seramu (maji ya mshipani) mapema. Vilevile dawa za majani, za kunywa au za kupitishia nyuma. Hakuna atakayekucheka wala kukusomea risala. Dawa ya kuharisha iliyotolewa jana yake inamfikisha mtoto kwetu akiwa amekauka, na nyingine zinaongeza usingizi juu ya dawa zetu. Tukijua, tunapunguza au tunasogeza siku.

Jirani yako na soko lake. Hapana, mama. Mtoto aliyedanganywa anagundua mlangoni, kwa harufu tu, na hapo humpati tena: si leo, wala siku ya majibu, wala siku ya chanjo. Na dawa huhitajika nyingi zaidi kwa mtoto aliyelala akipiga kelele, halafu huamka vile vile alivyolala.

Ila usimwambie wiki nzima kabla. Kwa miaka mitatu, Jumanne mchana inatosha, na tena Jumatano asubuhi. Mtoto wa miaka sita au saba ningempa siku tatu nne, ili aulize maswali yake. Mwambie kwa maneno machache na ya kweli: "Kesho tunaenda kwa daktari apige picha ya kichwa chako. Utalala juu ya kitanda kinachosogea. Daktari atakupa dawa ya kulala. Mama atakuwepo ukilala, na ukiamka utaniona." Hiyo ya mwisho usiiahidi kabla ya kuwauliza hospitali, na ukishaiahidi usiende kununua vocha. Akiuliza kama kuna sindano, sema ipo moja ndogo, itauma kidogo halafu itaisha. Usiseme haitauma. Wala usimwambie "watakulalisha kama koko" ikiwa koko aliyelala ni yule mliyemzika mwaka jana. Watoto wanashika maneno hayo kuliko tunavyodhani.

Na kuna tabia moja ya nyumba zetu ambayo naiomba iachwe leo hii, Amani akivunja kikombe: "Nitakupeleka kwa muganga akudunge sindano!" Tunawapokea hao watoto. Wanatuangalia kama watu waliokuja kutoa adhabu, na wanajiuliza wamekosa nini.

Mchezeshe. Tafuta boksi kubwa la katoni, likate pande mbili liwe tundu, aingize kichwa akiwa amelala mgongoni juu ya mkeka. Wewe unawasha tochi ya simu na kusema "picha!" na yeye anakauka mpaka uhesabu kumi. Kisha yeye anakupiga wewe picha, na ukitikisika anakucheka. Mchezo huo mara tatu nne kwa siku, si zaidi, asichoke. Dubu au mwanasesere naye apigwe. Kama ni IRM, mpigie kwenye simu sauti ya mashine hiyo, zimejaa kwenye intaneti, mwambie ni kama kinu cha kusaga mahindi kinachofanya kazi jirani: kina kelele lakini hakimgusi mtu.

Siku yenyewe, mvike nguo nyepesi zisizo na zipu. Kwa IRM chuma chochote hakiingii: sarafu, funguo, simu, pini za nywele, na hirizi au medali ya kiunoni, vyako pia na si vyake tu. Kama dada zake wamempaka rangi ya kucha, futa angalau vidole viwili, maana kile kibano cha mwanga kinachopima oksijeni husoma kupitia hapo. Chukua kitenge anacholalia, nguo za akiba na chupa ya maji. Uwe umeuliza bei mapema, na kama ndani yake mna kulalishwa, maabara na dawa ya rangi inayopitishwa mshipani. Familia nyingi huambiwa bei ya pili zikiwa dirishani. Dawa hiyo ya rangi ikihitajika kwenye skana, watataka kujua kama ana mzio na hali ya figo zake.

Omba sindano ya mshipa awekwe akiwa mapajani pako. Kisha nikuandae kwa jambo linalowashtua akina mama. Hapa kwetu tunatumia sana ketamini, kwa sababu mtoto huendelea kupumua mwenyewe vizuri. Lakini haifanani na usingizi unaoujua. Macho yanaweza kubaki wazi, yakichezacheza, hayakuangalii. Mate yanatoka. Anaweza kuguna au kusogeza mkono. Mtoto wako hajapatwa na kitu, na hilo si degedege limerudi. Dawa imefanya kazi. Ukiambiwa utoke, toka, kaa mlangoni. Kama una mimba, usibaki kabisa chumba cha skana wakati wa picha, hata wakikupa aproni ya risasi.

Akiamka, anaweza kulia bila sababu, kuona vitu vingi vingi, asikutambue kwa dakika kadhaa. Anahitaji chumba kimya na sauti moja, yako. Wale ndugu kumi na wapendwa wa kanisa waliokuja kuomba, na Mungu awabariki, wasubiri nje. Maombi yafanyike jioni. Asiondoke mpaka ashike kichwa, akuite jina, na akae bila kushikwa. Kwanza maji kidogo kidogo, yakikaa tumboni masoso nyepesi, chakula baadaye.

Na msirudi kwa pikipiki. Najua motari ndiye anayefika kwenu Kadutu kwa bei ya mfuko. Mtoto aliyetoka kulalishwa, akisinzia katikati yako na motari, kichwa kinaanguka mbele na shingo inajikunja, pumzi inaziba na wewe huoni uso wake. Chukua taksi siku hiyo, mtu mmoja aketi naye nyuma akishika kidevu chake juu. Nyumbani miguu itakuwa inayumba hadi jioni, na ninyi mnaishi kwenye mteremko wa ngazi. Asiachwe peke yake nje. Akilala, alale ubavu. Unaweza kumwangalia mara kwa mara, si lazima umwamshe. Akitapika mara nyingi, midomo ikibadilika rangi, akipumua kwa shida, akipata degedege, au ukamtikisa na hafumbui macho, rudi mara moja hata kama ni usiku.

Nimeacha mafua mwisho, lakini ndiyo ya kushughulikiwa leo. Kamasi nyepesi za maji bila homa mara nyingi hazizuii. Homa, kikohozi chenye makohozi, au kifua kinachopiga filimbi vinazuia, kwa sababu njia ya hewa iliyochokozwa inajifunga kwa urahisi mtoto akilala, na hubaki hivyo wiki mbili au zaidi hata baada ya kikohozi kuisha. Mvue shati akiwa ametulia, tega sikio kifuani, hesabu pumzi dakika moja nzima. Arobaini au zaidi kwa umri wake ni nyingi. Mpime joto. Kama limepanda, apimwe malaria kwanza, picha baadaye. Wapigie simu leo, usingoje Jumatano, uwaambie unachokisikia. Wakisogeza siku, omba tarehe mpya papo hapo, na uhakikishe chupa ya dawa ya degedege inatosha kufika huko.